Hajajibu Swali

Dk. Elieth Masele alikuwa na kitabu kimoja alichokipenda kuliko vyote, na kila mwaka, ilipofika zamu ya kukifundisha, alitamani kukitupa dirishani.

Kilikuwa kitabu chembamba, kimeandikwa na Mfaransa mmoja karibu miaka mia nne iliyopita. Mfaransa huyo alijifungia chumbani peke yake, karibu na moto, akaamua kutilia shaka kila alichowahi kukiamini: macho yake, mikono yake, mbingu, ardhi, hata hesabu za kujumlisha. Alitaka kuona kama kungebaki kitu ambacho shaka haikiwezi. Kikabaki kimoja tu, yeye mwenyewe, yule anayetia shaka. Juu ya hicho kimoja akaijenga upya dunia nzima.

Elieth alikisoma kwa mara ya kwanza akiwa msichana wa chuo. Alikuwa binti wa wakulima wa Nzega, amelelewa kuamini kila alichoambiwa na mtu mzima, na kile kitabu kilikuwa kama mtu aliyemfungulia dirisha katika nyumba isiyo na hewa. Alikwenda nacho Ubelgiji, akakiandikia tasnifu. Aliporudi akapata kazi katika chuo kimoja mjini Tabora, kufundisha falsafa kwa vijana wanaosomea ualimu. Katika mwaka wake wa kwanza ofisi ilimtaka alete upesi swali la mtihani pamoja na mwongozo wa kusahihishia. Akaviandika vyote jioni moja huku anapika. Swali lilisema: eleza namna mwandishi anavyofikia hakika yake ya kwanza. Mwongozo ulipanga hatua, na kila hatua na alama zake. Bodi ikapitisha, na tangu hapo hakuna aliyevigusa.

Mwaka huu nao ulianza kama mingine. Kanuni ya chuo ilitaka afundishe kwa Kiingereza, na wanafunzi wakawa wanaandika kila alilolisema, karibu waandike na kukohoa kwake. Aliwauliza, "Mnakubaliana naye?" Kalamu zikasimama. Wakamtazama kwa adabu, wakisubiri awape jibu walinakili.

Basi akafunga mlango wa darasa, akabadili lugha. Aliandika ubaoni kwa Kiswahili ile sentensi fupi ya Mfaransa, "Nafikiri, kwa hiyo nipo," ile ambayo hata mtu ambaye hajawahi kukishika kitabu chenyewe ameisikia mahali. Akageuka, akakuta mkono mmoja uko juu. Alikuwa Kabula, msichana wa Igunga mwenye kipaji cha kuuliza kabla ya kuruhusiwa.

"Madam, hilo neno 'nafikiri' silo."

"Kwa nini silo?"

"Ukiniuliza kama Mitesh wa hapo getini amefungua duka, nikakujibu nafikiri amefungua, maana yake sijui. Sasa huyu bwana si anatafuta hakika?"

Darasa likacheka. Elieth akafuta, akaandika "nawaza."

"Hapo sasa ana mawazo," akasema Kabula. "Kama mtu aliyefiwa."

Wakacheka zaidi. Elieth akafuta tena, chaki ikamrukia kwenye kitenge. Mwisho akaliacha neno la kwanza lilivyo, akasema wanalijua analolitaka. Lakini Kabula hakuwa amemaliza.

"Na hiyo 'nipo,' Madam. 'Nipo' ni hapa. 'Niko' ni huko. 'Nimo' ni ndani. Yeye ameshafuta hapa, ameshafuta huko, ameshafuta na ndani. Sasa yupo wapi?"

Safari hii hawakucheka. Walimgeukia mwalimu wao, na kwa mara ya kwanza Elieth aliona nyuso zinazotaka kujua. Akafungua kinywa. Alikuwa na jibu kwa Kifaransa, analo kwa Kiingereza, na katika tasnifu yake kulikuwa na sura nzima juu ya kitenzi hicho. Kwa Kiswahili hakuwa na kitu. Kengele ikalia, akashukuru, kisha akajichukia kwa kushukuru.

Jioni ile alimweleza Amne, mwalimu wa historia aliyekuwa akitumia naye ofisi moja. "Tatizo si lugha," alisema, ingawa hakuwa na uhakika. "Tatizo ni kwamba hawa watoto hawajawahi kuwa peke yao. Nyumbani wanalala watatu kitanda kimoja, hosteli wanne chumba kimoja, na simu mkononi mpaka chooni. Mfaransa anawaambia wajifungie, wao hawajui hata kujifungia ni nini."

"Wewe je?" Amne akauliza. "Ulikuwa peke yako lini?"

"Ubelgiji. Nilikuwa peke yangu mpaka nikachoka."

Amne alikuwa anapeleka wanafunzi wake Kwihara, kuiona ile nyumba ya tembe kwenye njia ya zamani ya misafara. Elieth akaomba basi liwachukue na wake. Kuta za tembe ni nene, vyumba vyake vina giza, na sauti ya nje haiingii. Angewaweka humo mmoja mmoja, bila simu, wamfuate Mfaransa hatua kwa hatua. Amne alicheka. "Mimi vyumba hivyo navitaka kwa ajili ya wapagazi waliopita pale na pembe mabegani. Wewe unavitaka kwa ajili ya mtu aliyekaa karibu na moto. Haya, tutagawana."

Haikwenda alivyopanga. Simu zilikusanywa kwenye kikapu, zikawa zinalia ndani ya kikapu. Kabula aliingia chumba cha kwanza, akatoka mbio na kelele kwa sababu ya popo. Wawili waliotakiwa wakae vyumba tofauti walikutwa chumba kimoja. Wengine walikuwa nje wanapigana picha mbele ya mlango wa nakshi kwa simu ambayo mtu aliificha kwenye soksi. Siwema, mama aliyekuwa akiitunza nyumba ile, alimjia Elieth na ufagio mkononi.

"Mwalimu, samahani. Hawa wanafunzi wako wanatafuta nini humu gizani?"

"Wanajifunza kutia shaka, mama."

Siwema akautazama mlango, akamtazama Elieth. "Kama wameharibu kitu niambieni mapema," alisema, akaondoka.

Elieth akakaa kwenye kizingiti. Jua lilikuwa kali na koo limemkauka. Ndipo akakumbuka kwamba kuna mmoja hajatoka. Alikuwa Dionis, kijana mrefu aliyekaa nyuma darasani na kuongea kwa nadra. Kwao Ulyankulu. Babu na bibi yake walikuja kutoka Burundi mwaka sabini na mbili wakikimbia, wakapewa eneo la kulima. Baba yake alizaliwa hapo, na yeye akazaliwa hapo. Kila mmoja chuoni alijua hivyo, na wengi wakapata njia ya kulitaja hata pasipohitajika.

Alitoka akipepesa macho, vumbi jekundu limemshika mgongoni alikokuwa ameegemea ukuta.

"Nimeshindwa, Madam," alisema.

"Umeshindwa nini?"

"Kuwa peke yangu. Niliuondoa ukuta. Nikaondoa mwili, nikaona inawezekana, kama usingizini. Nikabaki na mawazo tu. Lakini yale mawazo yalikuwa yanasema kwa sauti ya bibi. Kila neno nililolikuta mle ndani, kuna mtu alinipa. Sasa nikimfuta aliyenipa, na neno linakwenda naye. Na neno likienda, hata kutia shaka siwezi."

Siku nyingine Elieth angesimama akamshika mkono. Siku ile nyuma yake watu walikuwa wanagombania kikapu cha simu, na dereva anapiga honi.

"Dionis, hilo ni jambo lingine. Mwandishi hazungumzii habari za lugha. Wewe fuata hatua zake kwanza, kisha ndiyo ulete yako."

"Sawa, Madam."

Alikwenda akapanda basi. Njia nzima Elieth alikuwa na hasira na wanafunzi, na popo, na barabara. Walipokaribia mjini hasira ikawa imebaki bila mwenyewe, ikamgeukia yeye.

Mtihani ulikuja mwisho wa muhula, swali lile lile. Elieth alisahihishia nyumbani, barazani, baada ya chakula cha mchana. Majibu yalifanana kama matofali ya tanuri moja. Hatua ya kwanza, hisi zinadanganya. Hatua ya pili, ndoto. Hatua ya tatu, huenda kuna roho mwovu mwenye nguvu anayetuchezea. Alitia vema, akajumlisha, akaweka pembeni. Kabula naye, pamoja na maneno yake yote darasani, alikuwa amepanga hatua zake kama askari.

Kisha akafungua jibu la Dionis.

Kiingereza chake kilichechemea. Aya ya kwanza ilieleza kwa ufupi alikofikia Mfaransa. Aya ya pili ilisema hivi, kadiri Elieth alivyoielewa: kwetu neno hilo la mwisho, "nipo," si taarifa. Ni jibu. Asubuhi bibi hugonga mlango wangu, akaniuliza kwa lugha yake kama nipo, nami hujibu nipo. Hakuna anayesema nipo kabla hajaitwa. Kwa hiyo mtu wa kwanza ambaye nina hakika naye si mimi, ni yule anayegonga. Aya ya tatu ilisema kwamba Mfaransa alijitilia shaka kwa hiari yake, akiwa ameshiba na moto unawaka, na angeweza kuacha muda wowote. Mimi nimetiliwa shaka na wengine. Nilisimama mbele ya meza katika ofisi moja, nikasema nipo, nikaambiwa nilete ushahidi. Nikaleta karatasi za baba. Wakataka za babu. Wakati nimesimama pale nilikuwa nafikiri kwa nguvu zangu zote, na kufikiri hakukunisaidia. Kisha ikafuata sentensi ya mwisho, fupi, iliyopigiwa mstari.

Elieth alisoma mara ya pili. Chai yake ikapoa na nzi akaingia humo. Miaka yote aliyokaa na kitabu kile, amekisoma na maprofesa na kuandikiwa maoni pembeni kwa wino mwekundu, hakuwahi kuona mtu akiingia ndani yake hivi na kuwasha taa kwenye chumba ambacho yeye mwenyewe hakukijua. Akampa Dionis alama za juu kuliko wote.

Kikao cha matokeo kilifanyika katika chumba cha mikutano chenye feni inayozunguka bila kuleta upepo. Mkuu wa idara alikuwa Dk. Awadhi, mzee mpole wa mtaa wa Mtendeni anayekaribia kustaafu. Pembeni yake alikaa Profesa Godbless, msahihishaji wa nje, aliyekuja kutoka chuo kingine kuhakiki alama. Elieth aliwaamkia wote wawili, wakamwitikia marahaba, kazi ikaanza. Ilikwenda vizuri mpaka Profesa alipochomoa daftari moja la majibu.

"Dokta Elieth, hili nimelisoma mara nyingi kuliko mengine," alisema. "Hajajibu swali."

"Amelijibu kuliko wote, Profesa."

"Swali linasema eleza namna mwandishi anavyofikia hakika ya kwanza. Yeye ameeleza namna bibi yake anavyogonga mlango."

Watu wakacheka. Elieth hakucheka.

"Hatua za mwandishi ziko aya ya kwanza. Kisha amempinga. Amempinga kwa hoja ambayo watu wazito wameizungukia miaka mingi, na yeye ameifikia akiwa Kwihara, ndani ya chumba cha udongo, bila kusaidiwa na mtu." Alisita. "Hata mimi sikumsaidia."

"Na Kiswahili katikati ya Kiingereza?"

"Hoja yenyewe iko kwenye Kiswahili. Angeitafsirije?"

Profesa Godbless alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomwudhi Elieth zaidi. "Sikiliza, mdogo wangu. Ninaona kuna kitu hapa. Lakini leo nikimpa huyu, mwakani kila asiyekisoma kitabu ataniandikia habari za bibi yake. Nitawatofautishaje?"

"Kwa kusoma."

"Nina mitihani ya vyuo vitatu kwenye gari. Nasoma kwa mwongozo. Mwongozo una hatua. Yeye ana moja na nusu."

"Basi mwongozo ni mbovu!"

Dk. Awadhi akaisogeza karatasi mbele yake taratibu, kama mtu anayemrudishia mwenzake kitu alichokiangusha njiani.

"Dokta Elieth," alisema kwa sauti ya chini, "mwongozo huu umeuandika wewe."

Alijua. Alikuwa anajua tangu alipoingia. Lakini kuiona saini yake pale chini, na maneno yake mwenyewe yaliyopangwa kwa namba, kulimshusha sauti. Alijaribu kusema kwamba aliuandika kwa haraka, kwamba ulikuwa wa muda tu, kwamba mwongozo si kitabu. Kila aliloanza liligeuka kuwa udhuru. Dk. Awadhi alisema kuubadilisha inawezekana, utapelekwa kwenye bodi, bodi itaupeleka mbele, na mtaala utapitiwa upya baada ya muda si mrefu. Kwa mwaka huu ndio uliopo. Alama za Dionis zikashushwa. Akawa amefeli, anatakiwa kurudia mtihani, kufanya sapu kama wanavyosema vijana, na alama ya sapu haizidi C hata mtu aandike nini.

Kesho yake Elieth alimwita ofisini. Alikuwa amejiandaa usiku kucha, hotuba nzima iko kichwani. Alimweleza kilichotokea bila kuficha, akamwambia kwamba kuna rufaa. Mwanafunzi akikata rufaa, daftari lake linafunguliwa upya na kusomwa na jopo la watu wengine. Yeye mwenyewe angesimama naye.

Dionis alimsikiliza mpaka mwisho. "Rufaa inataka nini, Madam?"

"Barua tu. Nakala ya kitambulisho. Utaitwa mbele ya kamati, utajieleza."

Dionis akacheka, kicheko kidogo kisicho na furaha. "Nijieleze."

"Ndiyo. Uwaeleze ulichokuwa unamaanisha."

"Madam, mimi tangu namaliza darasa la saba najieleza. Nimechoka kuthibitisha."

"Hili ni tofauti! Hili ni wazo lako, si karatasi za babu yako."

"Meza ni ile ile, Madam. Wao wamekaa, mimi nimesimama."

Elieth alihisi damu inampanda usoni. Alikuwa amegombana na wakubwa wake kwa ajili ya kijana huyu, amepaza sauti mbele ya mgeni, na sasa kijana mwenyewe anarudi nyuma. "Kwa hiyo unakubaliana nao kwamba hukujibu swali?"

"Sikubaliani nao. Nataka kumaliza chuo." Alisimama, akainama kidogo kwa heshima. "Nashukuru, Madam. Najua umenipigania." Akatoka, akaufunga mlango polepole, na ule upole ndio uliomfanya Elieth atake kuupiga teke.

Sapu ilikuja. Daftari la Dionis lilikuwa safi, mwandiko umenyooka. Hisi zinadanganya. Ndoto. Roho mwovu. Hakika ya kwanza. Hakuna neno la Kiswahili, hakuna bibi, hakuna meza. Alikuwa ameufuata mwongozo bila kuuona, hatua kwa hatua, mpaka mpangilio wa sentensi zake ulifanana na ule aliouandika Elieth jioni ile akiwa jikoni. Alilipitia daftari lote akimtafuta Dionis. Alitafuta hata kosa, apate pa kupunguza. Hakupata. Akampa alama zote, na kompyuta ya ofisi, kama kanuni inavyotaka, ikaandika C.

Alipeleka ombi la kubadilisha swali. Likarudishwa kwa sababu halikuambatana na mwongozo mpya. Alipokaa kuuandika mwongozo mpya, alijikuta anaandika "mwanafunzi aonyeshe fikra zake mwenyewe," kisha anatakiwa aweke alama ngapi kwa hizo fikra, akasukuma karatasi. Alijaribu tena wiki iliyofuata, na nyingine tena. Muhula ukaisha ombi liko mezani.

Likizo ilikuwa imeanza aliposikia hodi mlangoni pa ofisi yake. Alikuwa Dionis, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, bahasha ya vyeti kwapani. Alikuwa amepata mkataba wa kufundisha sekondari moja ya watu binafsi huko Igunga na angesafiri mchana ule. Waliamkiana, akabaki amesimama.

"Madam, nilitaka ile insha yangu. Ile ya kwanza. Nimwachie bibi. Nilimsimulia, akataka nimsomee, na mimi sina."

Elieth alikwenda naye ofisi ya mitihani. Wakaambiwa madaftari ya majibu yakishapita kikaoni hufungwa na kutiwa lakiri, na hayafunguliwi isipokuwa kwa rufaa. Muda wa rufaa ulikuwa umepita. Elieth akaomba, akapandisha sauti, akataja cheo chake. Karani akamjibu kwa adabu kwamba hata funguo hana. Walipotoka nje Elieth alikuwa anahema.

"Ungekata rufaa," alisema, akajua hapo hapo kwamba hakupaswa kulisema.

"Ndiyo, Madam."

Walitembea mpaka Mtendeni. Pale kona kuna hoteli ndogo ya chai ya Bi Parvin, mama wa Kihindi aliyezaliwa mtaa ule ule, na Elieth alikuwa mteja wake wa miaka. Bi Parvin aliwaletea chai ya tangawizi na kachori bila kuuliza. Elieth akatoa karatasi kwenye mkoba, akamsogezea Dionis pamoja na kalamu.

"Andika. Mimi naikumbuka."

Na kweli aliikumbuka. Aliianza aya ya kwanza, Dionis akaandika, safari hii kwa Kiswahili. Aya ya pili wakaisema wote wawili, mmoja akianza mwingine akimalizia. Ile ya meza Dionis aliiandika peke yake, Elieth akatazama barabarani bodaboda zinavyopita na magunia ya mchele. Kwa muda kidogo hasira yake ya muhula mzima ilimtoka mabegani.

"Halafu sentensi ya mwisho," alisema. "Uliandika, kwa hiyo mwandishi huyu alikosea."

Kalamu ikasimama. "Sikuandika hivyo."

"Uliandika. Ulipiga na mstari. Ndiyo niliyoisimamia kikaoni, kwamba umempinga."

"Mstari niliupiga. Lakini niliandika kwamba alikuwa peke yake mno."

"Dionis. Nimeisoma sijui mara ngapi. Neno lilikuwa alikosea, chini ya ukurasa, upande wa kulia."

"Sikutaka kumpinga, Madam. Nilimhurumia. Mtu anakaa na moto wake, hakuna hata mmoja wa kumgongea, mpaka anajiita mwenyewe. Nilimwonea huruma."

Elieth akaweka kikombe chini. Ikiwa hivyo, basi hata yeye, mtu pekee aliyempa alama, alimpa kwa jambo ambalo hakulisema. Alitaka kumwambia kwamba huruma si hoja, kwamba ukimhurumia mwandishi hujamjibu, kwamba insha nzima inasimama kama ni kupinga na inalegea kama ni kuhurumia. Alimwambia yote hayo. Dionis akakataa moja baada ya jingine, kwa utulivu, akisema insha inasimama hivyo hivyo, tena vizuri zaidi. Karatasi yenyewe ilikuwa imefungwa ndani ya boksi mahali fulani chuoni, na hakuna ambaye angewaamulia.

"Basi tuandike zote mbili," alisema Elieth kwa kuchoka. Akaichukua kalamu, akaandika sentensi yake chini ya ile ya Dionis.

Dionis aliivuta karatasi. Akaisoma tangu juu. Kisha akaikata sentensi ya mwalimu wake kwa mstari mmoja ulionyooka, akaifunika kalamu.

Elieth alihisi hasira inarudi, nzima, kama vile haikuwa imekwenda popote. Aliitazama saa ya ukutani juu ya kichwa cha Bi Parvin. Basi la Igunga lilikuwa bado. Akainua mkono kuomba chai nyingine.

"Haya," alisema. "Nieleze kwa nini."